Shajara ya mradi: mfongo wa mteremko wa kusini, Moshi, kutoka kupima hadi kugawana

Julai: hali ya mfongo na mpangilio wa kazi

Mfongo, yaani mfereji wa jadi wa umwagiliaji, unachukua maji mtoni, chini kidogo ya mpaka wa msitu wa Kilimanjaro. Unapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba, vya migomba na kahawa, kisha unateremka hadi mashamba ya mahindi, maharage na mboga ya ukanda wa chini, Moshi Vijijini. Ni wa udongo mwanzo hadi mwisho. Banio, kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mfongoni, ni la jadi: mawe, vigogo vya migomba na majani, na hurudishiwa kwa msaragambo (kazi ya pamoja ya wanakijiji) kila mafuriko yanapolibomoa. Ombi la wanufaika lilikuwa moja tu: saruji kutoka banioni hadi mwisho wa mfongo.

Ombi lina haki, ila saruji haiji kwanza. Kusakafia mfereji hakuzalishi tone la maji, kunayahamisha tu. Maji yanayozama njiani leo yana anayeyatumia mahali fulani, hata kama hajui kwamba yanatoka mfongoni. Ukiyaokoa bila kukubaliana yaende wapi, wa juu atapanua shamba na wa chini atabaki alipokuwa. Kwa hiyo mpangilio wa mradi ni huu: kupima, kukubaliana mgao, ndipo kujenga.

Kuhusu chanzo chenyewe. Mikutanoni barafu hutajwa kwanza. Ni kweli eneo la barafu la Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na ni jambo la kuhuzunisha, lakini mchango wa barafu kwenye mito hii ni mdogo. Mito inaishi kwa mvua ya ukanda wa msitu na kwa ukungu unaonaswa na miti ya juu. Moto ulioteketeza maeneo ya juu ya mlima Oktoba 2020, na ule wa 2022, ndio unaopaswa kumtia hofu mwenye shamba la chini kuliko picha za barafu. Kinachomfikia mkulima ni mvua isiyotegemeka: vuli inakosekana mwaka mmoja, kisha zinakuja mvua kubwa kama zile za El Niño za 1997/98 na 2023/24. Kazi yetu ifae pande zote mbili, uhaba na mafuriko.

Julai, wiki za mwisho: mabati ya V

Vituo vinne vya kupimia vimewekwa: A mita chache chini ya banio, B unapoingia vihambani, C unapotoka, D mwanzoni mwa mashamba ya chini. Kila kituo kina bati la chuma la milimita 3 lililokatwa pembe ya nyuzi 90, ncha chini, na kusimamishwa wima kukatiza mfereji. Kanuni yake ni rahisi: lita kwa sekunde ni 1,380 mara kimo cha maji (kwa mita) kilichopandishwa kwenye kipeo cha 2.5. Wasomaji wa vipimo hawapigi hesabu. Wamepewa kibao cha rangi chenye jibu: sentimita 10 ni lita 4.4, sentimita 15 ni lita 12, sentimita 20 ni lita 24.7, sentimita 25 ni lita 43.

Bati hili halisamehe uzembe wa ufungaji, na sehemu kubwa ya muda wetu imeishia hapa.

Kimo hakisomwi kwenye ncha ya V. Maji yanapokaribia tundu hujiinamia, hivyo ukisoma pale unapata pungufu. Fimbo ya kipimo inasimama upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kimo kikubwa kinachotarajiwa. Kwetu ni mita moja na nusu. Sifuri ya fimbo lazima ilingane na ncha ya V, na hapa macho hayafai. Tunatumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, mita tatu, usio na povu hata moja. Povu dogo mpirani linapotosha sentimita nzima, na sentimita moja si kitu kidogo: kati ya sentimita 14 na 15 mtiririko unaruka kutoka lita 10.1 hadi 12, karibu moja ya tano.

Maji yanayotoka yaanguke huru, na hewa ionekane chini ya pazia lake. Kituo C kilikuwa na mteremko mdogo, maji ya chini yakarudi hadi kwenye ncha, na usomaji ukawa hauna maana. Bati limeinuliwa na kingo za juu zimeongezwa udongo ulioshindiliwa. Kimo kikishuka chini ya sentimita 5 au 6, pazia hulamba bati na kipimo hudanganya. Hapo tunatumia ndoo na saa.

Kingo za tundu zinatakiwa kuwa kali, unene wa milimita 1 hadi 2, na mchongo ukielekea upande maji yanakokwenda. Mabati ya kwanza yalikatwa kwa moto na yakaachwa na magamba ya kuchomea. Yamerudishwa karakana kupigwa tupa.

Agosti: maji yanazama wapi

Vipimo vya upotevu vimechukuliwa alfajiri, matoleo yote, yaani midomo ya kutolea maji mfongoni, yakiwa yamefungwa na mtu amesimama kila toleo. Maji yameachwa yatulie kwanza hadi fimbo zote nne zisibadilike kwa saa nzima. Bila hivyo unapima wimbi, hupimi upotevu.

A: sentimita 20, lita 24.7. B: sentimita 18, lita 19. C: sentimita 17, lita 16.4. D: sentimita 14, lita 10.1.

Kwa hiyo zaidi ya nusu ya maji hayafiki chini, lakini hayapotei kwa usawa. Kati ya A na B zinaondoka lita 5.7, kati ya B na C lita 2.6, kati ya C na D lita 6.3. Kipande cha A hadi B kinapita kwenye ukingo wa bonde. Kaa wa mtoni na fuko wametoboa ukingo wa nje, na ukishuka bondeni unaona maji yakitoka kwenye nyasi. Kipande cha C hadi D kina udongo mwepesi wa majivu ya volkano usioshikana.

Kipande cha kati ndicho kinachotaka busara. Lita zake 2.6 zinazama katikati ya vihamba, kwenye mizizi ya migomba na miringaringa. Chini yake kuna kijichemchemi ambapo kaya kadhaa huchota maji ya nyumbani. Tulipofunga mfongo kwa ajili ya usafi, kijichemchemi kilipungua, na kilirudi mfongo ulipofunguliwa. Hiyo inatosha: kipande cha B hadi C hakitasakafiwa. Mchoro wa awali ulikisakafia chote. Umebadilishwa, na mifuko ya saruji iliyopungua imehamishiwa kwenye kigawa maji.

Kwa wenzetu wenye mifongo jirani: anzeni na hiki kipimo kabla ya kuandika bajeti. Kusakafia vipande viwili vibovu kunaweza kuleta karibu faida yote ya kusakafia mfongo mzima.

Agosti, mwishoni: vikao vya mgao

Vikao viwili, kimoja cha ukanda wa juu, kimoja cha ukanda wa chini, kisha cha pamoja. Waliokuwepo ni kamati ya mfongo, wenyeviti wa vitongoji, mtendaji wa kijiji, wawakilishi wa chombo cha maji ya bomba ngazi ya jamii, na viongozi wa mifongo miwili inayochukua maji chini yetu kwenye mto huohuo. Hawa wa mwisho hawakuwa kwenye orodha ya kwanza. Tumesisitiza waitwe, kwa sababu mfongo si mto, na wanaoumia mfongo unapokunywa zaidi hawako kwenye daftari la wanachama wetu.

Mfano uliotumika kikaoni uko umbali mfupi na wazee wanaukumbuka. Skimu ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hekta zipatazo 2,300, mpunga ukiwa zao kuu. Ujenzi ulikuwa mzuri na mavuno yalipanda. Mafanikio yenyewe yakawavuta wakulima wa juu ya mabanio kuanza mpunga wao, nje ya skimu, kwa maji yaleyale, na eneo la mpunga ndani ya skimu likashindwa kufikia lengo. Zege halikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni makubaliano yanayomfunga aliye juu.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inaweka mahitaji ya nyumbani mbele, kisha mahitaji ya mazingira ya mto, ndipo umwagiliaji na matumizi mengine ya uchumi. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake ni hapahapa Moshi, na huandikwa kwa kiasi maalumu cha maji. Hapo ndipo penye ugumu wakati wa ukame. Kibali kinasema lita kadhaa kwa sekunde. Mto haujui kibali. Mwaka wa neema namba ile ni ndogo kuliko kilichopo, na mwaka mbaya kila mwenye kibali akichukua chake, wa kwanza kwenye mkondo anamaliza. Maoni yetu ya kitaalamu, tuliyoyasema wazi kikaoni, ni kwamba namba ya kibali ichukuliwe kama ukomo wa juu, na chini ya ukomo huo wote wagawane kwa uwiano. Mto ukipungua nusu, kila mmoja apungukiwe nusu.

Yaliyokubaliwa na kuandikwa kwenye sheria ndogo za jumuiya ya watumiaji maji:

- Maji yatakayookolewa kwenye vipande vya A–B na C–D yagawanywe nusu kwa nusu: nusu ibaki mtoni kwa kupunguza kinachoingia banioni, nusu iende ukanda wa chini. Hakuna sehemu inayoruhusu kufungua shamba jipya juu ya B.
- Matawi matatu ya ukanda wa chini yagawane kwa uwiano wa 5, 3 na 2, kulingana na eneo lililopo daftarini sasa.
- Kimo cha kituo A kikishuka chini ya sentimita 15, mazao mapya ya kiangazi yasipandwe. Maji yaelekezwe kwenye mazao ya kudumu na yaliyokwisha kuota.

Kifungu cha tatu kilibishaniwa kuliko vyote. Mzee mmoja wa kamati alikimaliza kwa kuuliza, "Sasa nani atatuambia kwamba imefika kumi na tano? Isiwe mtu wa juu akituambia kwa simu." Ndiyo maana fimbo ya kituo A sasa ina mstari mwekundu kwenye sentimita 15, na inasomwa na watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, pamoja, na wote wanatia sahihi.

Septemba: kusakafia

Umbo lililochaguliwa: upana wa chini sentimita 40, kuta za mawe zenye unene wa sentimita 25 na kimo cha 35, sakafu ya zege ya sentimita 10, mteremko wa 1 kwa 300. Kwa ukuta wa mawe uliopigwa plasta ya kawaida, maji yenye kina cha sentimita 15 yanapitisha takriban lita 34 kwa sekunde, na kina cha 20 takriban lita 50. Tulishinikizwa tupanue hadi sentimita 60 "kwa ajili ya baadaye". Tumekataa. Mfereji mpana kuliko mgao ni mwaliko wa kuvunja mgao.

Vifaa kwa mita moja ya mfereji, vya kupangia bajeti: saruji mfuko mmoja na robo wa kilo 50, ukijumuisha upotevu. Zege la sakafu ni 1:2:4, chokaa ya saruji ya kujengea mawe 1:4, plasta 1:3. Maji ya zege ni lita 25 kwa mfuko, pungufu kidogo mchanga ukiwa mbichi. Mafundi waashi hupenda zege linalotiririka kwa sababu ni jepesi kusambaza. Zege hilo ndilo linalokuja kuchanika na kuvuja. Karai moja la maji lililozidi linaharibu kazi ya siku.

Mchanga wa mtoni una udongo mwingi msimu huu. Jaribio: jaza mchanga nusu ya chupa ya plastiki iliyo wazi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi moja ya kumi na mbili ya mchanga, mchanga unaoshwa au unakataliwa. Lori moja limerudishwa.

Viungo vya kutanukia vimeachwa kila mita 3 na kujazwa lami iliyochanganywa na mchanga. Zege linamwagiliwa na kufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku 7. Kipande kifupi cha A–B kilichopigwa jua la mchana bila kufunikwa kimetoa nyufa za utando wa buibui; plasta imebanduliwa na kurudiwa.

Ukingo wa nje wa A–B umechimbwa upya hadi chini ya mashimo ya kaa kabla ya kujenga. Kujenga juu ya mashimo ni kuacha sakafu ikae hewani. Juu ya ukingo yamepandwa masale, ambayo yanashika udongo na kila mtu huku anaelewa kwamba mpaka wa masale hauvukwi ovyo. Mikaratusi iliyo karibu na chanzo, ndani ya mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda, imeorodheshwa. Wenye miti wamekubali kuitoa kwa awamu na kupokea miche ya mringaringa na mkuyu.

Oktoba: kigawa maji

Hiki ni kifaa kidogo kuliko vyote kwenye mradi, na ndicho kinachobeba makubaliano.

Maji yanafika kwenye kisanduku kilichonyooka cha mita 4, yanatulia, kisha yanavuka kizingiti cha zege chenye upana wa mita moja kamili. Juu ya kizingiti zimesimama bamba mbili nyembamba za chuma zinazokigawa sentimita 50, 30 na 20. Hakuna geti, skrubu wala ufunguo. Yakija mengi au machache, uwiano unabaki 5, 3 na 2, na mtu yeyote mwenye futi ya fundi anaweza kuuhakiki. Geti lenye kufuli lilipendekezwa. Lingemfanya mwenye ufunguo kuwa mwenye maji.

Lakini kizingiti lazima kiwe sawa kabisa. Lita 25 zinavuka kwa kina cha sentimita 6 hivi, lita 10 kwa sentimita 3.3 tu. Ukiwa na kina hicho, upande ulio chini kwa milimita 3 unapata takriban asilimia 14 zaidi ya haki yake, na anayefaidika hawezi kulalamika. Tumetandaza plasta ya mwisho maji yakiwa yamesimama kisandukuni, tukisugua hadi uso wa maji ugusane na kizingiti wakati mmoja urefu wote. Njia hii inashinda pimamaji ya fundi.

Kasoro mbili zimejitokeza. Kwanza, majani ya migomba yananasa kwenye bamba na kuzibia tawi la sentimita 20, ambalo kwa wembamba wake huumia haraka. Wavu wa nondo umewekwa mita 6 kabla ya kisanduku. Pili, mchanga unajikusanya upande mmoja na kusukuma mkondo upande wa pili. Tundu la kusafishia limetobolewa sakafuni na linafunguliwa kila Jumamosi.

Novemba: banio na mvua za vuli

Banio jipya ni ukuta mfupi wa mawe, gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) pande zote mbili. Katikati umeachwa mwanya wa mto ambao sakafu yake iko sentimita 10 chini ya mdomo wa mfongo. Maji yakipungua sana mto unakunywa kwanza, bila kumtegemea mlinzi. Mwanya huu unavutia mawe ya kuuziba usiku, hivyo viongozi wa mifongo ya chini wamepewa haki, kwa maandishi, ya kuukagua wakati wowote.

Mvua kubwa ya kwanza ilijaza tangi la kutulizia mchanga kwa usiku mmoja. Hesabu ya tangi ilitegemea mto wa kawaida. Mlinzi sasa anafunga mdomo wa mfongo maji yanapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mashamba hayahitaji maji siku hiyo, na mchanga hauna sababu ya kuingia. Utokeo wa pembeni, mita 30 chini ya mdomo, unarudisha mtoni chochote kinachozidi kina cha sentimita 20.

Januari na Februari: kiangazi

Mstari mwekundu umefikiwa. Siku kituo A kiliposoma sentimita 15 (lita 12), kituo D kilisoma 13 (lita 8.4). Upotevu wa lita 3.6 uliobaki uko zaidi kwenye kipande cha vihamba, kama ilivyokusudiwa, na kijichemchemi hakijakauka.

Tatizo limehamia kwenye tawi la mwisho. Asilimia 20 ya lita 8.4 haifiki lita 2, na kijito hicho kinamezwa na mfereji wa udongo kabla ya kufika shamba la mwisho. Uwiano ni wa haki karatasini, shambani hautoshi. Dawa ni ya wazee: nduwa, bwawa la usiku. Nduwa ya zamani ya tawi hili ilijaa tope. Imechimbuliwa hadi mita 10 kwa 12 kwa kina cha 1.5, yaani mita za ujazo 180, na kushindiliwa udongo wa mfinyanzi wa sentimita 30 kwa matabaka mawili. Kwa lita 4 kwa sekunde saa 12 za usiku zinakusanya mita za ujazo 173; zikifunguliwa asubuhi kwa lita 16 kwa sekunde zinakwenda saa tatu, na mkondo wa nguvu hiyo unafika mwisho. Kwa maji ya sasa, yaliyo chini ya nusu ya hapo, nduwa inafunguliwa kila baada ya usiku wa pili au wa tatu.

Nduwa isikauke kabisa kati ya zamu. Mfinyanzi ukipasuka, maji ya kwanza yote yanaingia nyufani. Sentimita chache za mwisho hazitolewi.

Wizi wa usiku umepungua lakini upo, hasa kati ya C na D, kwa vipande vya bomba vilivyochimbiwa chini ya ukuta. Daftari la kituo D limesaidia kuliko doria: kimo kikishuka ghafla saa tano usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, kamati inajua kipande cha kukagua.

Machi: yaliyobaki kabla ya masika

Maombi ya kurekebisha kibali yameandaliwa yakiwa na vipimo vya vituo vyote vinne. Tunaomba kiasi kidogo kuliko cha awali, pamoja na sharti la uwiano wakati wa ukame. Ada ya mwaka imegawanywa kwa matawi kwa 5, 3 na 2 vilevile, ili anayepata zaidi alipe zaidi.

Lami ya viungo vitatu kwenye C–D imebanduka na itarudishiwa wiki hii, mfereji ukiwa mkavu. Gabioni ya kulia ya banio imeinama. Inahitaji mawe makubwa kwenye unyayo kabla mto haujapanda. Bati la kituo B limepinda kwa kukanyagwa na ng'ombe, na usomaji wake kuanzia katikati ya Februari usitumike.